Damu Iliyosingiziwa

Katika matanga yanayokaliwa kati ya Mtwapa na Marereni, msomaji atasikia neno moja ambalo husemwa kwa sauti ya chini kwa heshima ya marehemu, na ambalo hakuna mtu alipingalo. Mtu wa makamo ameanguka uani asubuhi. Mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, ulimi umekuwa mzito, na kabla ya jua kuchwa amekufa, au amebaki kitandani miaka mingi akilishwa kama mtoto. Watu huulizana sababu. Mzee mmoja hujibu: "Ni presha. Ni damu ya ukoo wao. Baba yake alikwenda hivyo hivyo, na shangazi yake vile vile." Basi vichwa hutikiswa, kahawa hupitishwa, na shauri limekwisha.

Nakusudia kulipinga neno hilo. Silipingi kwa kuwa ni uongo mtupu. Lau lingekuwa uongo mtupu lisingekuwa na hatari. Ndani yake mna punje ya kweli, na punje hiyo ndiyo inayolifanya liaminiwe na wazee, na walimu, na hata baadhi ya watu waliosomea uganga wa hospitali. Lakini juu ya punje moja ya kweli limemwagwa pishi zima la uvivu. Mtu akisha kusema "ni damu ya ukoo" huutua mzigo wake chini. Hana haja tena ya kupimwa, wala ya kuuliza chungu chake kina chumvi kiasi gani, wala ya kumeza dawa kila siku. Kwa maana nani awezaye kushindana na damu aliyozaliwa nayo? Na wewe, kijana unayesoma haya, ikiwa baba yako au mama yako ana maradhi hayo, umekwisha kuandikiwa hati ya kifo chako hapo matangani bila ya kuulizwa.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Moyo husukuma damu katika mishipa, na damu hiyo huzikandamiza kuta za mishipa kama maji yanavyoukandamiza mpira wa kumwagilia bustani. Kukandamiza huko ndiko shinikizo la damu. Hupimwa kwa namba mbili: ya kwanza ni ya wakati moyo unapojikaza, na ya pili ni ya wakati unapotulia. Mtu mzima ambaye namba zake hufika 140 juu ya 90 au kuzidi, tena akapimwa siku mbalimbali zikabaki hivyo, huhesabiwa kuwa mgonjwa. Lakini ugonjwa wenyewe hauumi. Huwezi kuusikia kama usikiavyo homa au jino bovu. Hukaa mwilini miaka 10 au 20 ukilikaza moyo, ukiharibu figo na kuidhoofisha mishipa ya ubongo, na siku ya kwanza mgonjwa anapopata habari zake huwa ndiyo siku ya kuanguka uani.

Katika uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69, ilionekana kwamba karibu watu 24 katika kila 100 wana shinikizo la juu. Hiyo ni hesabu kubwa. Lakini iko nyingine inayonishtua zaidi. Zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajapimwa shinikizo lao hata mara moja maishani. Nami nauliza: baba asiyepimwa hata mara moja, wala baba yake hakupimwa, na shangazi naye hakupimwa, ukoo huo ulijuaje kwamba una damu ya presha? Haukujua. Ulikisia makaburini.

Wala tusidhani kwamba kukisia juu ya damu ni kosa la watu wasiosoma. Wasomi walilifanya kabla yetu, tena kwa vitabu vinene.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Ziwa Victoria, alichapa makala katika Lancet, jarida la madaktari wa London. Alikuwa amewapima watu wapatao 1,000 wa sehemu ile. Aliona kwamba shinikizo lao halikupanda kwa umri kama lipandavyo Ulaya. Baada ya miaka 40 lilielekea kushuka. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini mwake kwa muda wa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye maradhi haya. Donnison mwenyewe alikuwa na busara: sababu aliitafuta katika namna ya maisha, hakuitafuta katika kabila. Lakini wako waliokuwa tayari kuamini kwamba presha ni maradhi ya mwungwana mwenye mawazo mengi na ofisi, na kwamba Mwafrika kwa umbo lake hayajui.

Haikupita miaka 60, neno likageuzwa. Huko Marekani watu weusi walionekana kuwa na shinikizo la juu kuliko weupe, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wawili, Thomas Wilson na Clarence Grim, wakaleta dhana iliyopendwa mno na magazeti. Walisema kwamba katika majahazi ya watumwa walikufa wengi kwa kutapika, kuhara na kutoka jasho, na waliosalia ni wale ambao miili yao iliishika chumvi kwa nguvu. Basi wajukuu wao wamerithi mwili unaoshika chumvi, na kwa hiyo wana presha. Ni hadithi nzuri, ina machozi na bahari. Mwaka 1992 mwanahistoria Philip Curtin, aliyeijua biashara ya watumwa kwa hesabu zake, aliichambua na kuonyesha kwamba ushahidi wa historia hauitegemezi.

Angalia kichekesho chake. Mwaka 1929 damu ya mtu mweusi ilikuwa ngao ya kumkinga na presha. Kabla ya mwisho wa karne ile ile, damu hiyo hiyo imekuwa ndiyo inayoileta. Damu haikubadilika katika miaka 60, kwa kuwa urithi wa binadamu hauendi mbio namna hiyo. Vizazi viwili au vitatu si kitu kwake. Kilichobadilika ni maneno ya wasemaji.

Wako waliochoka na maneno wakaenda kupima. Richard Cooper na wenzake walichapa mwaka 1997 habari za watu wenye asili moja ya Afrika Magharibi wanaoishi mahali mbalimbali. Kwa wale waliobaki Nigeria na Kameruni wagonjwa walikuwa 16 katika kila 100. Kwa wale wa visiwa vya Karibi walikuwa 26. Kwa wale wa Marekani, karibu na Chicago, walikuwa 33. Asili ni moja, maradhi yamezidi maradufu. Kisha mwaka 2005 wakaweka na watu weupe katika mizani, na hapo ndipo mafundisho ya rangi yalipoanguka kifudifudi: Wajerumani walikuwa 55 katika kila 100, watu weusi wa Marekani 44, na Wanigeria kama 14. Ikiwa presha ni ya damu nyeusi, Ujerumani iliazima damu hiyo wapi?

Mtu aweza kusema kwamba Nigeria na Ujerumani ni mbali, na kwamba mimi nasimulia mambo ya watu wengine. Basi turudi Kenya. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao wa umri ule ule waliobaki kijijini. Habari zao zilichapwa mwaka 1990. Msomaji angetazamia labda kwamba mabadiliko yangechukua miaka 10. Hayakuchukua. Katika mwezi wa kwanza tu wa kukaa mjini, shinikizo la waliohama lilikuwa juu ya lile la wenzao waliobaki. Mkojo wao ulipopimwa ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na potasiamu, ile madini tuipatayo katika ndizi, mboga za majani, madafu na viazi vitamu, ilikuwa imepungua. Kijana alipanda basi na damu ya babu yake mishipani. Aliposhuka Nairobi damu ilikuwa ile ile, bali chakula, usingizi na wasiwasi wake vilikuwa vingine, na mishipa yake ikajibu upesi kuliko barua yake ya kwanza ya kwenda nyumbani.

Je, basi urithi hauna neno? Unalo, na mtu anayebisha kwa haki hana budi kulikiri. Uchunguzi wa mapacha na wa jamaa umeonyesha kwamba katika tofauti za shinikizo kati ya mtu na mtu, yapata theluthi moja hadi nusu huenda sambamba na urithi. Lakini tazama maana ya maneno hayo, kwani hapa wengi huteleza. Hayana maana kwamba nusu ya presha ya baba yako imetoka kwa babu yako na nusu nyingine katika chumvi. Yana maana kwamba tukichukua watu wengi wanaoishi katika hali zinazofanana, tofauti zao zaweza kuelezwa kwa kiasi hicho na urithi. Ukipanda nazi 20 za mbegu mbalimbali katika shamba moja la Malindi, lenye udongo mmoja na mvua moja, tofauti ya minazi itatokana zaidi na mbegu. Chukua mbegu hizo hizo ukapande nusu Malindi na nusu bara ya Ganze kwenye ukame, na tofauti kubwa utakayoiona itakuwa ya ardhi. Mbegu hazikubadilika. Mwenye kusema "mbegu ndiyo kila kitu" amelitazama shamba moja tu.

Zamani madaktari wakubwa wa Uingereza waligombana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Robert Platt wa Manchester alishika kwamba presha huletwa na jeni moja, anayeipata ni mgonjwa na asiyeipata ni mzima. George Pickering alishika kwamba hakuna mpaka wa namna hiyo. Shinikizo ni kama urefu wa watu, linapanda kidogo kidogo kutoka mtu hata mtu, na vitu vingi vidogo vinalichangia. Wakati umempa Pickering haki. Mwaka 2018 ulichapwa uchunguzi wa watu zaidi ya 1,000,000, nao ulifikisha hesabu ya sehemu za urithi zinazogusa shinikizo kuwa 901. Si moja, ni 901, na karibu kila moja huongeza au hupunguza kiasi kidogo ambacho mashine ya zahanati haiwezi hata kukionyesha. Wengi wa watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya, jambo ambalo lapasa kumtia haya kila asemaye kwa hakika juu ya "damu ya Waafrika" kwa kutegemea vitabu vya aina hiyo.

Hapa Kilifi tunao mfano wa maradhi ambayo kweli ni ya urithi, na ni vema kuyatazama ili tujue tofauti. Ni maradhi ya selimundu, ambayo chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu. Mtoto huyapata anaporithi jeni mbovu ya aina hiyo kwa baba na kwa mama pia. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, si mgonjwa. Tena hukingwa sana na malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii mwaka 1949 akaona kwamba jeni hiyo ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali ni haba kwa watu wa milimani. Na mwaka 1954 alieleza sababu, kwamba mahali penye malaria wenye jeni moja huokoka zaidi. Kwa hiyo somo la urithi na mahali, ambalo sasa linasomwa katika vyuo vya dunia nzima, lilianza kwa damu ya watu wetu. Wazazi wawili wenye jeni hiyo moja moja wana hatari ya mtoto mmoja katika wanne kwa kila mimba. Hiyo ni sheria ya urithi, na unaweza kuihesabu kwa vidole. Presha haina sheria ya namna hiyo, na anayezungumza kana kwamba inayo anachanganya mambo mawili.

Sasa nitaleta ushahidi ninaouthamini kuliko wote, kwa sababu ulipatikana katika vijiji ambavyo wengi wa wasomaji wangu wanavijua. Tangu mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, pamoja na washirika wake wa Uingereza, ina kituo cha utafiti mjini Kilifi, na tangu mwaka 2000 wahesabuji wake wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Dakta Anthony Etyang na wenzake walijiuliza swali ambalo mtu wa mbali asingelifikiri: je, malaria ya utotoni, inayompiga mtoto wa pwani mara kwa mara, yaweza kuwa inampandishia shinikizo atakapokuwa mtu mzima? Kulijibu ni shida, kwa sababu huwezi kumwuliza mtu wa miaka 45 aliugua malaria mara ngapi alipokuwa mtoto. Lakini damu yake inakumbuka. Mwenye jeni moja ya selimundu amekingwa maisha yake yote, bila ya kujua. Basi ikiwa malaria hupandisha shinikizo, mtu huyo shinikizo lake lapasa kuwa chini ya la jirani yake.

Waliwapima watu 1,127 wa Kilifi, 516 wa Nairobi, na 651 wa asili ya Afrika katika mji wa Jackson, Marekani. Kilifi wapo 21 katika kila 100 wenye jeni hiyo moja. Walifungwa kifaa mkononi kwa saa 24, kikawapima wakiwa shambani, jikoni na hata usingizini. Habari zilichapwa mwaka 2019. Kilifi, wenye jeni hiyo walikuwa na namba ya kwanza iliyo chini kwa zaidi kidogo ya vipimo 2 kuliko wenzao. Na kwa wale wa miaka 30 hadi 59 tofauti ilikuwa kama 6, ambayo si ndogo hata kidogo. Nairobi na Jackson, mahali ambapo malaria haiambukizwi, jeni ile ile haikuleta tofauti yoyote.

Simama hapo kidogo, msomaji. Hii ni jeni, ni kitu cha urithi hasa, imetoka kwa mzazi na haitoki mwilini. Nayo iligusa shinikizo la damu. Kama tungewapima watu wa Kilifi peke yao tungesema kwa furaha: tumeipata damu ya presha! Lakini ilipowekwa mahali pasipo na mbu wa malaria, nguvu yake juu ya shinikizo haikuonekana. Haikuwa jeni ya presha. Ilikuwa ngao dhidi ya malaria, na mahali pasipo na mishale ngao haina kazi. Huo ni utafiti mmoja, na wenyewe walioufanya walisema lazima uthibitishwe mahali pengine. Sitauvika taji usilolidai. Hata hivyo unatosha kuonyesha kosa la mzee wa matangani. Urithi hausemi peke yake. Husema kwa kinywa cha mahali. Tena, kama ndivyo ilivyo, chandarua juu ya kitanda cha mtoto wa Magarini leo huenda kikawa ni sehemu ya dawa ya presha yake ya kesho, na hakuna damu ya ukoo iliyowahi kutuambia hivyo.

Nitalisema na jambo jingine ambalo ni la nyumbani zaidi. Jamaa hairithishani damu tu. Hurithishana jiko. Binti hujifunza kwa mama yake ni vidole vingapi vya chumvi vinavyotosha sufuria ya mchuzi, na mkono huo huo atakwenda nao kwa mumewe na kuwafundisha wanawe. Katika nyumba zetu chumvi huingia kwa milango mingi: katika papa mkavu na ng'onda, katika achari, katika embe bichi tunalolichovya chumvi na pilipili njiani kutoka shule, katika viazi na bhajia za jioni, na siku hizi katika vile vipande vya kiungo vya dukani ambavyo mpishi huvunja chunguni baada ya kwisha kutia chumvi. Shirika la Afya la Dunia linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na hizo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa mambo yote. Figo zikishindwa kuitoa chumvi iliyozidi, huyashika maji pamoja nayo, damu huongezeka katika mishipa, na shinikizo hupanda. Baba, shangazi na kaka wakiwa wote wana presha, nawe ukasema "ni damu," umehakikishaje kwamba si kijiko? Wamekula chungu kimoja miaka 30. (Nasi tu wakaaji wa kaunti ambayo kutoka Gongoni hata Marereni mabwawa ya chumvi yametanda kama bahari ya pili, na sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka hapo. Mambo ya ardhi yale yana malalamiko yake, nayo si ya makala haya.)

Wala haitoshi kwa mpinzani wangu kukimbilia mfano wa mwisho, yaani presha ya urithi mtupu. Ipo, ingawa ni nadra sana. Mwaka 1963 Grant Liddle, daktari wa Marekani, alieleza habari za jamaa ambayo vijana wake walikuwa na shinikizo kali kwa sababu figo zao zilishika chumvi kupita kiasi. Kosa liko katika jeni moja, na mtoto hulirithi kwa mzazi mmoja tu. Hapa, hata mimi nakubali, ni damu ya ukoo. Na Liddle alifanya nini? Hakutikisa kichwa. Aliwapa dawa ya kuzuia figo zisishike chumvi, akawapunguzia chumvi chakulani, na shinikizo likashuka. Basi ikiwa presha ya urithi kuliko zote ilisikia dawa, presha ya kawaida ya mzazi wako ina udhuru gani?

Wako na wengine katika matanga yale yale ambao hawaridhiki na habari ya damu. Hao husema kwamba marehemu hakufa kwa Mungu, kuna mkono wa mtu. Huanza kumtafuta mwenye mkono huo, na mara nyingi jicho humwangukia mzee mwenye mvi. Katika kaunti hii ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, kumekuwa na kimbilio la wazee waliokimbia nyumba zao na watoto wao wenyewe. Sisemi kwamba kila tuhuma ilitokana na mtu aliyeanguka kwa kiharusi. Nyingine zina mashamba ndani yake, na kila mtu anajua. Lakini kifo cha ghafla cha mtu mwenye nguvu ndicho kuni kavu za moto huo. Nami naona kwamba anayesema "ni damu" na anayesema "ni uchawi" ni ndugu wa tumbo moja, japo mmoja hujiona msomi. Wote wawili wameweka sababu mahali ambapo hakuna mkanda wa kupimia uwezao kufika. Mmoja anaua kwa panga, mwingine anaacha mtu afe kwa upole.

Najua jawabu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba zahanati ni mbali, kwamba mtu hufika akaambiwa dawa zimekwisha, arudi mwezi ujao, na kwamba ni rahisi kuwalaumu wanyonge. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye benchi kutwa nzima nikaambiwa hivyo, mahali ambapo sitapataja. Lakini lalamiko hilo linanisaidia mimi, halimsaidii mpinzani wangu. Maradhi yakiwa ni ya damu, hakuna wa kulaumiwa kwa rafu iliyo tupu. Ni pale tu tunapokubali kwamba presha hushushwa na vidonge, tena vya bei nafuu, ndipo tunapopata haki ya kuuliza mbele ya diwani na mbele ya kaunti kwa nini vidonge havipo. Ukoo unaoamini kwamba umelaaniwa hauandiki barua ya malalamiko.

Kwa hiyo, wewe ambaye baba yako ana presha, jambo la ukoo wako lina kazi moja ya kweli, nayo ni kukuambia uanze kupimwa mapema kuliko wenzako. Daktari akuulizapo habari za wazazi wako hatafuti kukuhukumu. Anatafuta kujua akutazame mara ngapi. Na utakapofunga shule, ukifika nyumbani, waulize wazazi wako namba zao mbili. Kama hawazijui, wapeleke wakapimwe, kisha uziandike pamoja na tarehe katika daftari lisilopotea.

Ila usiwatie hofu kwa kipimo kimoja. Mwaka 2016 Etyang na wenzake walichapa utafiti mwingine wa Kilifi, nao ulionyesha kwamba si wachache ambao kipimo cha mara moja kiliwatangaza wagonjwa, lakini walipofungwa kifaa cha saa 24 walikuwa wazima. Na wako wengine waliopita salama mbele ya mpimaji ilhali nyumbani shinikizo lilikuwa juu. Mtu aliyetembea kutoka Vitengeni kwa miguu akakaa mbele ya koti jeupe, moyo wake hauna utulivu. Mama apumzike kitini dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umelazwa juu ya meza, wala asizungumze wakati mkanda unapojaa. Namba zikiwa juu, arudi siku nyingine apimwe tena, na ya tatu, ndipo daktari aamue.